Hotuba ya Mkuu wa Kaya katika Uzinduzi wa Sinki la Bafuni

Mheshimiwa Mama yangu mzazi, mgeni rasmi na mlengwa mkuu wa mradi huu. Mheshimiwa mke wangu, Mwenyekiti wa Kamati ya Kudumu ya Jikoni. Mama Mkwe, mwangalizi huru uliyekuja kwa siku tatu ukajiongezea muda kwa kanuni unazozijua mwenyewe. Binti zangu wawili, wawakilishi wa vijana. Fundi bomba, mtaalamu wetu mwelekezi. Jirani uliyevutiwa na utepe. Mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa.

(Makofi ya mtu mmoja. Ni fundi, anakung'uta vumbi mikononi.)

Miezi minane iliyopita, hapa hapa koridoni, Mama alitamka maneno mazito. Alisema, "Mwanangu, mgongo wangu haukubali tena kuinamia ndoo. Nitafutie kasinki kadogo, ninawe uso nimesimama." Kiongozi mwingine angekwenda dukani siku ileile akarudi na sinki, na huko ndiko kukurupuka ninakokukemea kila siku ofisini. Mimi niliunda kamati.

(Mke: "Kamati gani? Sisi tulikuwa tunakula.")

Nashukuru kwa mchango huo. Kamati, katika vikao kumi na saba, ilifanya upembuzi yakinifu, ikapitia sinki la mguu, sinki la kuning'inia ukutani, sinki la kona na lile la bakuli linalokaa juu ya meza, ikizingatia vigezo, viashiria na vipaumbele, na ikabaini kwamba asilimia mia moja ya wakazi wa nyumba hii wana nyuso, hivyo mahitaji yapo. Mwenyekiti wa Jikoni akataka jeupe, binti mkubwa akataka jeusi, Mama Mkwe akasema lolote ila la kona, kwa sababu kona ni ya ufagio. Ikanibidi niitishe wokshopu.

(Mama: "Mimi nilisema kadogo tu.")

Limeingizwa kwenye viambatisho, Mama. Na mtu asije akasema sikukupima. Nilileta futi kamba nikapima kutoka sakafuni hadi kwenye kiwiko chako, mara nne, maana ulikuwa unacheka na kipimo kinacheza. Nalisema hili kwa uchungu, kwa sababu kila asubuhi nakusikia ukiinama na kuguna, na mguno huo unanifuata hadi kazini.

(Mke anatazama sakafu.)

Ndiyo maana, nikitambua kuwa mradi usiozinduliwa ni uvumi tu, nimetanguliza kibao cha marumaru chenye jina langu, cheo changu na tarehe ya leo. Fundi amekifunga imara, kwa boliti zilezile tulizoziandaa kwa ajili ya sinki, mahali palepale tulipopima, kwani ndipo ukuta ulipokuwa umeshatobolewa. Utepe, tafadhali.

(Utepe unakatwa. Mlango wa bafu unafunguliwa. Kibao kinang'aa. Chini yake ipo ndoo.)

(Jirani: "Sinki lenyewe liko wapi?")

(Fundi: "Na mimi nilimuuliza hivyohivyo. Akaniambia nisivuruge ratiba.")

Swali zuri, na litajibiwa kwa maandishi. Kwa sasa tuitikie kaulimbiu yetu. Kunawa wima?

(Jirani anachungulia nyuma ya mlango.)

Ni haki yetu. Uso safi?

(Binti mdogo: "Kaya safi." Dada yake anamfinya.)

Nimalizie kwa kuwashukuru wote mliofanikisha sinki hili, ambalo, kwa mujibu wa ripoti niliyonayo mkononi, bado halijanunuliwa, na wala halijachaguliwa, kwa kuwa kikao cha kumi na nane kilisogezwa mbele kupisha sherehe hizi za kulizindua.

(Mama hasubiri. Ameshaingia bafuni na kuinamia ndoo. Anaguna.)

Mwenyekiti, nishikie hizi karatasi. Mama, inuka. Hebu niinyanyue mimi hiyo ndoo.

(Mama: "Juu kidogo. Hapo hapo.")

Ni kwenye kiwiko, vipimo ninavyo. Nawa taratibu, Mama, nimeishika.