Pikapu ya Mama Viti

Injinia hakuwa injinia. Tulimalize hilo mapema lisije likatusumbua huko mbele. Jina alijipa mwenyewe, pamoja na miwani isiyo na namba na kalamu tatu za mfukoni, na kwa kuwa hakuna aliyemwuliza alisomea wapi, likamkaa. Kazi yake halisi ilikuwa maneno. Alishauza kiwanja ambacho kilikuwa barabara, akauza jenereta ambalo ndani lilikuwa na mchanga, na siku moja, kwa furaha tu, akamuuzia mwenye kibanda kivuli cha mti wa serikali, tena akamwekea na mipaka.

Asubuhi hiyo alikuwa amepanda juu ya rundo la matofali kuchungulia kama yule wa jenereta bado anamtafuta. Macho yakaangukia upande wa pili wa ukuta, kwenye ua wa watu, akaiona pikapu.

Ilikuwa ya zamani hasa, ya zile zenye taa za mviringo na boneti iliyovimba. Imekaa juu ya mawe, milango imeliwa na kutu, na kwenye kiti cha dereva kuku anaatamia. Mimi na wewe tungeona chuma chakavu tukapita zetu. Injinia aliona pesa, kwa sababu juzi tu alikuwa amesikia habari za tajiri mmoja anayenunua magari ya kale yaliyofufuliwa, kwa bei ambayo ukiitaja mbele ya watu wazima wanatafuta pa kukaa. Sharti la tajiri lilikuwa moja, gari liwe linatembea.

Akashuka, akapangusa suruali, akaenda kupiga hodi kwenye mlango mdogo wa pembeni.

Mwenye pikapu alikuwa mjane, na mtaa mzima ulimwita Mama Viti, maana alikodisha viti na maturubai ya shughuli. Mumewe alipokuwa hai, viti vilibebwa na pikapu ile. Alipokufa, pikapu nayo ikafa, na tangu hapo viti vikawa vinabebwa na lori la shemeji yake, mdogo wa marehemu, anayekaa upande wa pili wa ukuta. Shemeji alimtoza nauli ya kufa mtu. Mama Viti alifunga maturubai, akapanga viti, akafuta viti, na mwisho wa shughuli karibu faida yote ikapanda lori ikaenda kwa shemeji. Akilalamika, shemeji anamuuliza kama angependa kuvibeba kichwani.

Injinia hakuyajua yote hayo. Alikaa kwenye kiti alichopewa, akavua miwani, akaeleza kwa huzuni kwamba ametumwa na chama cha kuhifadhi magari ya kale, ambacho huwatengenezea wajane bure.

"Wajane peke yao?" Mama Viti aliuliza.

"Tunaanza na wajane, Mama."

"Na mimi natakiwa nitoe nini?"

"Uvumilivu tu."

Mama Viti alimtazama kitambo, kuanzia kalamu hadi viatu. Akasema uvumilivu anao wa kuuza, karibu sana mwanangu. Ila ana masharti yake. Hataki fundi mwingine aingie humu ndani, kwa sababu wa mwisho aliingia na kofia akatoka na betri. Kuku asisumbuliwe mpaka aangue. Na lile geti kubwa la kijani, lenye mnyororo na kufuli, ufunguo wake umepotea, utatafutwa gari likishawaka. Kwa sasa vitu vyote vipite mlango mdogo. Injinia alikubali haraka. Angeambiwa apite dirishani angekubali vilevile.

Mchana huohuo akazunguka upande wa pili kutafuta wa kutoa mtaji, akamkuta Shemeji anaosha lori. Huyo alimpa hadithi nyingine. Kuna tajiri, kuna bei, na yule mama hajui alichokalia. Mzee wangu, wewe nunua vipuri, mimi nifanye kazi, siku mama akitoka tunaliondoa gari, tunagawana nusu kwa nusu. Shemeji, ambaye tangu mazishi hajampelekea mke wa marehemu hata kipande cha sabuni, alifungua pochi palepale. Sina haja ya kukwambia kwamba katika hesabu za Injinia hakukuwa na nusu ya mtu mwingine.

Mpango ulikuwa amlipe fundi wa bei ya chini kwa pesa ya Shemeji, nyingine aitie mfukoni. Lakini fundi amekatazwa. Ikabidi Injinia aifanye kazi mwenyewe, na mikono yake ilikuwa haijashika spana hata siku moja ila kwa kuiuza.

Nati ya kwanza aliyoifungua ilimmwagia oili usoni. Ya pili ilikatika. Kwa sababu kuku alikuwa amekalia sehemu ya mbele, ilibidi aanze na nyuma, akashinda siku nzima chini ya bodi akigombana na springi. Jioni anapita kwenye gereji za mtaani kuuliza maswali kwa niaba ya rafiki. Rafiki yangu amefungua kabureta, ameirudisha yote, lakini mezani vimebaki vidude viwili. Avitupe? Mafundi wakacheka mpaka wakaweka chini vyuma, kisha wakamwonyesha. Kesho yake rafiki huyohuyo ameziba bomba la breki kwa sabuni.

Mara moja akauziwa plagi mbovu zilizopakwa rangi zikaonekana mpya. Alirudi kwa yule muuza vipuri akitetemeka kwa hasira, akamwambia mbele za watu kwamba dunia imeharibika, watu hawana hata haya. Na alimaanisha, masikini.

Pesa ya Shemeji ikaisha yote kwenye vipuri. Yote, narudia, kwa sababu najua utadhani natania. Injinia alipiga msasa milango, akachomelea mabati, akaunguza nyusi, akapaka rangi ya bluu ileile ya zamani. Mjini walianza kumuulizia. Kuna bwana mmoja alimfuata na mfuko wa pesa, hamu yake ni kuuziwa kitu chochote kile, na Injinia akamwambia aje wiki nyingine, sasa hivi anafunga klachi.

Mama Viti alikuwa anakaa pembeni anashona maturubai yaliyochanika. Anamletea chai, anamshikia tochi. Siku moja alimsimulia kwamba marehemu akifika kona ya chini alikuwa anapiga honi mara mbili, ili yeye abandike chai jikoni. Akaliinamia turubai, machozi yakadondokea mshono. Kwa kawaida machozi ya mjane Injinia angeyapandishia bei. Siku hiyo alijikuta anatafuta washa ya nati iliyoanguka, na haikuwa imeanguka. Aliona aibu, na kwa kuwa hakuwa ameizoea alidhani ni njaa.

Kuku aliangua, vifaranga vikakua vikaondoka, lakini mwenyewe akang'ang'ania kulala ndani ya gari.

Siku injini ilipowaka, ilikohoa, ikatema moshi ukutani, kisha ikatulia ikaanza kunguruma. Mama Viti aliweka kiganja juu ya boneti akakiacha hapo. Injinia akasoma geji ya mafuta. Imejaa. Alikuwa ametia galoni la mwisho la pesa ya Shemeji, na ingawa galoni moja haliwezi kujaza tangi lile, geji ilikuwa inasoma hivyo tangu siku alipounganisha betri. Naye aliiamini, kwa sababu ilimwambia alichotaka kusikia. Kwa mtindo huohuo yeye mwenyewe alikuwa ameuza kivuli.

"Ufunguo wa geti nitautafuta," Mama Viti alisema. "Ila Jumamosi sipo. Nina arusi pale uwanja wa shule, nashinda huko mpaka jioni."

Injinia aliitikia kwa upole wa mtu anayesali.

Jumamosi, Mama Viti alipokwisha kuondoka na lori limeshamaliza kupeleka viti, Injinia aliingia na nondo, akavunja kufuli, akauvuta mnyororo, akafungua geti la kijani kwa mbwembwe zote.

Mbele yake kulikuwa na ukuta.

Ukuta wa matofali, umepigwa lipu safi, uko karibu kiasi cha kuugusa kwa pua. Akaugusa. Akafunga geti, akasubiri kidogo, akalifungua tena. Ukuta ulikuwa bado upo.

Alitoka mbio kupitia mlango mdogo, akazunguka, akamkuta Shemeji amekaa kwenye kivuli cha lori lake, ameuegemea ukuta huohuo. Shemeji alieleza bila wasiwasi. Aliujenga baada ya msiba, alihitaji mahali pa kugeuzia lori. Ndiyo, ulikuwa ni uchochoro wa kutokea kwa kaka. Ndiyo, mwenyekiti wa mtaa alishamsihi auvunje, akakataa.

"Mbona hukuniambia?"

"Mbona hukuuliza? Si wewe ndiye injinia."

Injinia alivuta pumzi. Akataja ile bei ya tajiri, polepole, tarakimu baada ya tarakimu. Shemeji akaugeukia ukuta wake na kuutazama kama mtu anayeaga. Akasema umemgharimu. Injinia akamtajia na nusu itakayokuwa yake. Shemeji akasema majirani wataongea.

"Waache waongee, na wewe uwatangulie," Injinia akamwambia. "Sema unamfungulia shemeji yako njia. Sema kwa sauti, mzee wangu. Mtu anayefanya jambo jema hanong'oni."

Basi Shemeji akaleta nyundo kubwa. Kwa pigo la tatu majirani walikuwa wameshajaa, na mwenyekiti wa mtaa akafika akiwa na mswaki mdomoni. Shemeji, jasho linamtoka, akatangaza kwamba njia hii ni ya marehemu kaka yake, na sasa ni ya mjane wake, na yeye alikuwa ameiziba kwa muda tu. Watu wakapiga vigelegele. Mwenyekiti alitoa mswaki akasema tumesikia wote, na hapa hapatajengwa tena. Akamkumbatia. Shemeji, aliyekuwa hajakumbatiwa na mtu miaka mingi, akaongeza bila kuulizwa kwamba undugu ndiyo huu. Vijana wakasaidia kutoa matofali, wakayarundika nyuma ya lori, na Injinia aliliona rundo hilo akafurahi sana moyoni.

Akaingia kwenye pikapu. Shemeji akataka kupanda. Injinia akamwomba kwanza amwongoze apite kwenye vifusi, matairi ni mapya. Shemeji akarudi kinyumenyume anapunga mikono yote miwili, njoo, njoo, kata kushoto, njoo. Pikapu ikaja, ikapita, ikaenda. Shemeji aliendelea kupunga kwa kitambo baada ya barabara kuwa tupu.

Injinia alikuwa huru. Geji imejaa, lori limezibwa, na kwa tajiri ni kunyoosha tu. Injini ilinguruma vizuri, klachi ilishika sawasawa, na akajikuta anatabasamu si kwa ajili ya pesa bali kwa ajili ya klachi. Chini ya kiti kuku akaamka, akatokeza kichwa, akapanda kukaa pembeni yake. Barabara ilikuwa moja tu, inayoteremka hadi kona ya chini, penye uwanja wa shule. Alipofika konani mkono wake ukaenda wenyewe ukapiga honi. Mara mbili.

Hapo injini ikakohoa. Ikakohoa tena. Ikanyamaza. Pikapu ikaserereka yenyewe, taratibu, kwa heshima, ikasimama mbele ya turubai la arusi, wageni wote wanatazama. Injinia aliigonga geji kwa kidole. Imejaa.

Mama Viti alitoka kwenye turubai ameshika kiti mkononi, uso umempauka. Ile honi ilikuwa imemtoa ndani kabla hajajua anakwenda wapi. Alipomwona aliyekaa kwenye usukani akapumua.

"Nilikuwa nalifanyia majaribio, Mama," Injinia akaanza.

"Najua. Mafuta niliyanyonya alfajiri, jenereta la arusi lilikuwa halina kitu. Nilikuachia kidogo ya kushukia."

"Mbona geji imejaa?"

"Marehemu alilinunua gari likiwa na geji hiyo. Imejaa tangu siku hiyo." Kisha akasogea karibu na dirisha, na kwa mara ya kwanza sauti yake haikuwa na uhakika. "Umepita wapi, mwanangu? Na ukuta?"

"Ameuvunja mwenyewe. Mbele ya mwenyekiti. Amesema njia ni yako."

Mama Viti aliweka kiti chini katikati ya barabara, akakikalia, akacheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya kanga, na machozi ya mwisho hayakuwa ya kicheko.

"Nimembembeleza mpaka nikachoka," alisema. "Nilijua ukuta ule hautavunjwa na mtu isipokuwa shemeji, na shemeji hasogezi tofali bila kudanganywa. Sasa mimi kudanganya sijui. Nikamngoja anayejua."

Injinia alitazama barabara. Ilikuwa nyeupe, hakuna aliyemshika, na miguu yake ilikuwa na uzoefu wa kutosha. Akatazama mikono yake, kucha nyeusi, kidole gumba kimevimba. Kutoka huko juu Shemeji alikuwa anateremka kwa miguu, anahema, na kila nyumba aliyopita watu walikuwa wanatoka kumpa mkono na kumpongeza, na ilimbidi asimame awashukuru.

"Arusi ikiisha kuna viti vya kurudisha," Mama Viti alisema, akainuka. "Chai iko jikoni kwa wenye arusi, kanywe kwanza."

"Geji nitaitengeneza Jumatatu," Injinia akasema, na maneno yalipokwisha kutoka akashtuka, kwa sababu alisikia kwamba ni kweli.

Akafungua mlango. Kuku akatangulia kushuka.