Nimefeli Chuoni Kwangu

Sijui hesabu. Jambo hili nimelikana tangu sekondari. Kila aliyeuliza kwa nini nilisomea fasihi nilimjibu kwamba hesabu nilikuwa naiweza, ila moyo ulikuwa kwenye vitabu. Leo asubuhi, hapa Kasingirima, Ujiji, mbele ya watu wazima waliovaa nguo za sikukuu, nimeumbuka. Bora mnisikie mimi mwenyewe kabla habari haijafika sokoni Katonga. (Najidanganya. Imeshafika, inauzwa pamoja na dagaa na migebuka.)

Chuo changu mnakijua. Vyumba viwili nyuma ya duka la vitenge, kompyuta chache, na mimi. Ukumbi wa mihadhara hatuna. Aliyesoma nusu Tabora, kisha akaitwa nyumbani kuuguza, analeta masomo aliyofaulu na sisi tunayapokea. Anachokijua kutokana na kazi yake anakifanyia mtihani. Akifaulu, hatumlipishi tena kukaa darasani kusikiliza anachokijua. Shahada itatolewa na chuo kikuu kimoja cha mbali, wakikubali. Walikuwa hawajakubali. Walihofia nafungua duka la vyeti. Kwa hiyo wakamtuma mkaguzi aje kuona mtihani wetu wa majaribio. Akirudi na neno baya, chuo kimekufa, na wale waliosoma nusu wanabaki na nusu yao.

Mkaguzi, mama mpole mwenye miwani, alikaa nyuma. Nikahutubia. Nilisema mitihani yetu ni ya haki na mtu mzima mwenye akili timamu hana cha kuogopa. (Sentensi hiyo naomba isinukuliwe.)

Mama Zuhura akanyoosha mkono. Anauza samaki, uhasibu aliuanza zamani, akauacha alipoolewa. Na mnajua jinsi tulivyolelewa Ujiji: mwenye nyumba huonja kwanza, wageni wamwone anameza, ndipo nao wapeleke mikono kwenye sinia.

"Mwalimu, sisi hatuli kabla ya mwenye chakula," alisema. "Onja, tuone."

Makofi. Nami nikacheka, nikijua nitaonja somo la uandishi, ambalo nimelifundisha hadi sauti ikakauka. Kumbe somo la leo alilichagua mkaguzi. Hesabu za biashara.

Nikajaribu kukwepa kistaarabu. Nikasema somo hilo ninalo tayari, nililifaulu chuo kikuu (kwa huruma ya mhadhiri), basi nalihamishia hapa. Mkaguzi akafungua kanuni zetu, akaniuliza kwa upole nililifaulu lini. Nikamtajia mwaka. Akasoma kwa sauti: somo lililofanywa zaidi ya miaka kumi iliyopita halihamishiki, mhusika atafanya mtihani. Kanuni hiyo niliiandika mimi. Niliipenda sana. Niliona inatupa uzito.

Tukakaa pamoja, mimi kiti cha mbele. Swali la kwanza lilimhusu mtu anayenunua dagaa Kagunga na kuwauza mjini, wengine wakiharibika njiani. Dagaa nawajua, nimewala maisha yangu yote. Nikajibu kwa hisia. Swali la riba nililijibu kwa dua. Kisha nikabonyeza kumaliza kabla ya wote, ili waone mtihani ulivyo mwepesi.

Sasa, kwa ajili ya uwazi (wazo langu pia), nilikuwa nimeagiza matokeo yaonekane ukutani, kwa projekta, mara tu mtu anapomaliza. Jina langu likatokea, kubwa, jekundu. Thelathini na moja kwa mia. Chini yake: "Hujafaulu. Usikate tamaa. Muone mkuu wa chuo kwa ushauri."

Vichwa vikainuka kimoja kimoja. Mama Zuhura akauliza bila kuondoa macho kwenye kompyuta yake.

"Chumvi imezidi, Mwalimu?"

Wakacheka mpaka mwenye duka akaja kuchungulia. Nami nikacheka, ningefanyaje. Baadaye wengine walifaulu, wengine wakaungana nami. Mkaguzi aliandika sana. Pilau tuliyomwandalia hakuigusa. Akasema tutawasiliana, akaondoka. Nilikaa kwenye ngazi nikitazama ziwa na kutunga maneno ya kuwaambia watu wangu kwamba basi tena.

Jioni simu ikaita. Ni yeye. Wakubwa wake, alisema, walikuwa na hofu moja tu, kwamba mtihani wangu ungempitisha kila mtu, hata shangazi yangu. Amewapelekea matokeo. Wamekubali, masomo yatakayofauliwa kwetu watayapokea yote.

"Mtihani uliomwangusha mwenye chuo mbele ya wanafunzi wake," alisema, "sisi hatuna la kuuliza tena."

Nikamshukuru hadi nikaishiwa maneno. Nilikuwa nishasimama, nataka kukimbia kumpigia Mama Zuhura.

"Na wewe, Mwalimu," akaendelea, upole uleule, "nikuandike urudie lini?"

Nikamwambia mtandao wa huku ziwani unasumbua, simsikii kabisa.