Baraza Mbele ya Nyumba ya Sib

Ijumaa, 8 Novemba

Shrrr—tak! Futi ya chuma ikijirudisha ndani ya ganda lake. Bado naisikia. Tulikuwa kwa Bibi Wadha, hapa Sib, Omani, tunamalizia biriani, sauti ikatoka nje. Nikachungulia. Ami Khattab! Amepiga magoti mlangoni, anapima baraza. Aliponiona akaitia futi mfukoni, akauliza kama pilau imebaki. Ilikuwa biriani. Mtu asiyejua alichokula ana jambo kichwani.

Nalijua hilo jambo. Anataka kuivunja nyumba ajenge fleti. Nyumba ya shamba aliyoijenga marehemu Babu familia iliporudi kutoka Unguja, wakati pote hapa ni mitende na vumbi! Bibi amesema atatoka humo amebebwa. Mimi nina shahada mbili za historia. Havunji mtu.

Jumamosi, 9 Novemba

Njia imepatikana. Nyumba ikiandikwa kuwa ya turathi, urithi wa taifa, haiguswi. Nimepeleka maombi wizarani kwa mtandao, afisa wao anakuja Jumatano. Simwambii mtu.

Nimeikagua kwa jicho la afisa. Kuta za udongo: safi. Dari ya magogo ya mitende: safi sana. Tatizo ni baraza. Vile viti viwili virefu vya mawe, kushoto na kulia kwa mlango. Unguja tupu! Nasikia majirani walikuwa wakimuuliza Babu kwa nini anakaa nje kama muuza karanga na hali ana majlisi ya wageni ndani. Afisa ataiona na kusema hii si nyumba ya Kiomani, ni ya watu waliotoka kwengine. Nayajua maneno hayo. Nimeambiwa shuleni utoto wote.

Jumatatu, 11 Novemba

Ami alimpeleka Bibi kliniki. Wameondoka wanacheka. Nini cha kuchekesha kliniki?

Nikamleta fundi. Kufikia adhuhuri baraza ilikuwa rundo la mawe. Nalule, msichana wa Kiganda anayemtunza Bibi, akatoka na mwiko mkononi, akauliza dada, hii baraza imekukosea nini? Nikamjibu ni mambo ya kitaaluma. Akasema pole, akarudi jikoni. Sikuipenda ile pole.

Bibi alirudi, akasimama na mkoba wake. “We mtoto, na mie nnakaa wapi alasiri?”

Nikamletea kiti cha plastiki. Akakitazama kana kwamba kimemtukana. Ami akainama kuyatazama mawe. Mwenye hatia ndivyo anavyokwepa macho.

Jumatano, 13 Novemba

Afisa anaitwa Nouf. Kumbe mtu wetu! Kamwamkia Bibi shikamoo kutoka getini. Nikamwonyesha kuta. Akasema kuta kama hizo Sib zipo, tena nzima zaidi. Dari? Magogo yamebadilishwa juzijuzi. Kisha akauliza baraza iko wapi.

Mama yake alimsimulia. Kila alasiri waliorudi kutoka Afrika walikutana hapo: nani kafika, nani kapata kazi, nani kaposwa. Nyumba nyingine ya namna hiyo haijui. Baraza ndiyo iliyomleta.

Nikanyoosha kidole kwenye rundo.

“Aliyeivunja ana shahada mbili,” Bibi akamweleza kutoka kwenye plastiki yake.

Nouf akasema mawe yenyewe yakiwepo, fundi wao ataweza kuirudisha. Atakuja kuyatazama Jumapili. Pasipo mawe, hakuna cha kuandika. Ami akatokea ndani, akasema vipimo anavyo: Ijumaa ile alikuwa akipima ili amwekee Bibi kivuli juu ya baraza. Kivuli!

Nimeomba radhi. Nimelia kidogo. Bibi kaniambia nipunguze kufikiri.

Ila maelezo ya Ami yamemtoka laini mno.

Alhamisi, 14 Novemba

Nimepita kwa Bibi asubuhi. Shrrr—tak! Ami tena, anapima mawe, jiwe baada ya jiwe! Eti Nouf kamwomba. Labda. Lakini Ami anajenga villa Khuwair ya Kusini, na mbele ya mlango wake pako patupu. Nimepaona.

Nikangoja aende kazini. Nikampigia rafiki yangu Manal wa Sidab, baba yake ana pikapu. Nikamwomba anifichie mawe. Wakaja upesi, wakapakia yote, hata vipande.

Jioni Manal kaniletea ujumbe. Baba yake anashukuru sana kwa zawadi. Alikuwa akijenga ukuta, mawe yamempungukia. Saruji imeshamwagwa.

Zawadi! Nani kamwambia ni zawadi? Nikakaa nikafikiri. Baba yake Manal na Ami Khattab wanafahamiana tangu ujana. Walisoma pamoja! Na pikapu ilikuja upesi mno.

Bibi yuko kwenye plastiki, anapatazama mahali palipokuwa na mawe. Haniulizi kitu. Jambo hili ni kubwa kuliko nilivyodhani.

Nimeshampigia simu Nouf. Nimemwambia mawe yameibwa, na mwizi ni Ami Khattab.