Baba Mdogo Aizunguka La Paz Peke Yake

Jumanne, tarehe 9 Septemba

Nimefika La Paz. Mzima, ila hewa hakuna. Kwetu Santa Cruz, nchi tambarare, hewa ipo tele na mtu hata haikumbuki. Huku juu milimani lazima uivute kama maji ya kisima kirefu.

Mirtha, binti ya marehemu kaka yangu, anaolewa Jumamosi na Efraín Quisbert, mtu wa hapa hapa. Kaka hayupo wa kumpeleka kanisani. Mimi ndiye baba yake mdogo. Jambo liko wazi. Lakini Percy naye amekuja. Percy ni mjomba wake, kaka wa mama yake. Anaimba kwaya, hutembea kifua mbele kama jogoo wa mbegu. Tulipoketi tu alitangaza kwamba mjomba ndiye mwenye mtoto. Nikamwambia, shemeji, mtoto anaitwa Antelo, na Antelo ni mimi. Doña Basilia, mama yake Efraín na mwenyeji wetu, akatumiminia chai ya majani ya koka, dawa yao ya hewa nyembamba, ili tunyamaze.

Mirtha akatoa hukumu. Kanisa liko kileleni mwa mtaa, na mtaa wenyewe umesimama kama ngazi. Watapanda kwa miguu, bendi nyuma. Atakayempeleka ni yule atakayefika bila kuketi njiani. "Sitaki maiti siku ya harusi yangu, baba mdogo," alisema. Kwa nini aniambie mimi tu? Nimeudhika kidogo.

Mpango: nitauzunguka mji huu kwa miguu, peke yangu, mpaka mapafu yazoee. Doña Basilia amejitolea kututembeza. Nimekataa. Chai pia nimekataa. Chai ni ya wagonjwa. Percy kanywa yake, kisha yangu.

Jumatano, tarehe 10 Septemba

Nimetoka bila ramani wala kuuliza mtu. Nimegundua siri ya La Paz: mji ni bakuli. Ukipotea, teremka tu, utafika katikati. Niliteremka vizuri sana. Mchangamfu, mikono mfukoni, nikijibu salamu ambazo sikusalimiwa.

Kupanda ndiko kulikonitesa. Nikabuni mbinu. Pumzi ikiisha, nasimama mbele ya duka lolote na kutazama bidhaa kama mteja. Kwa njia hiyo nimechunguza masinki ya kuogea, matarumbeta, na nguo za watoto wa komunyo ya kwanza. Duka la nne sikulitazama jina. Mwenye duka alitoka, akanikuta nimeegemea kioo, nahema, macho yanatoka machozi. Akaniuliza kwa sauti ya chini nani amefariki.

Lilikuwa duka la majeneza.

Sikuwa na pumzi ya kukanusha. Akaniletea kiti. "Lia tu, mzee," akasema. "Wengi huanzia hapa hapa." Kiti kilikuwa kizuri mno, chenye mto. Nikalia kidogo kwa heshima yake. Akauliza marehemu alikuwa na umbo gani. Nikasema mrefu wa wastani, kifua kipana, mwimba kwaya. Akanionyesha la mwerezi. Nadhani Percy angelala humo kwa raha.

Jioni Percy akauliza nimefika wapi. Nikasema nimeongea na wafanyabiashara wakubwa.

Alhamisi, tarehe 11 Septemba

Mpango mpya, bora zaidi. Nitapanda hadi El Alto, mji ulioko juu ukingoni mwa bakuli, kwa magari ya kamba, yale yanayoning'inia angani, kisha niteremke kwa miguu na kusema nilipanda kwa miguu. Nani atajua?

Nikanunua salteña, ile sambusa yenye mchuzi ndani, pale kituoni, nikaing'ata nikiwa nimesimama. Mchuzi wake ukateremka ndani ya mkono wa shati hadi kwenye kiwiko. Nikaingia katika kibanda cha gari la kamba nikijifuta. Mlango ukajifunga. Kwenye kona, kofia imeshushwa hadi puani, alikuwa Percy.

Akapandisha kofia taratibu. Halafu Percy akasema anakagua kama chombo hiki ni salama kwa Mirtha. Nikasema ajabu, na mimi pia.

Hakukuwa na pa kwenda, tukatazama nje. Mapaa chini yetu, nguo zilizoanikwa, uwanja wa mpira ukingoni mwa genge, mtu akimwogesha mbwa kwenye beseni. Na Illimani, mlima wa theluji, mweupe, umekaa kimya kule mbali kama mzazi. Percy akasema kaka yako angefurahi hapa. Kweli. Kaka alipenda kila kitu kilicho juu. Nikampa Percy nusu ya salteña iliyobaki. Akaipokea. Mchuzi ukamwagikia suruali yake, ukatuunganisha.

Huko juu tukapeana mikono: wote wawili tulipanda kwa miguu. Siri ya wanaume.

Wakati wa chakula doña Basilia akauliza tulipita njia gani. Nikasema ngazi za mitaani. Percy, kwa wakati huo huo, akasema barabara kuu.

"Basi mlipishana," akasema doña Basilia, akaendelea kukata mkate. Mirtha alikimbilia jikoni. Tulimsikia anacheka hadi anakohoa.

Ijumaa, tarehe 12 Septemba

Mazoezi kwenye mtaa wenyewe wa kanisa. Katikati ya mlima nilisimama ukingoni mwa barabara kupumzika. Hapo yupo mmoja wa wale wanaovaa kama punda milia na kuvusha watu. Akadhani nataka kuvuka. Akasimamisha magari, akanishika mkono, akanivusha. Nilimshukuru. Sikuwa na shughuli upande ule, kwa hiyo nikasimama kupumzika. Akaja akanirudisha.

Mara ya tatu akavua kichwa cha punda milia. Ni mwanamke wa makamo. Akauliza, "Baba, unavuka au unanichezea?" Nikamwambia kweli: nahema. Akacheka, akanivusha tena, eti magari yameshasimama.

Upande wa pili nikamkuta Percy ameegemea nguzo. Naye alikuwa ameshavushwa.

Jumamosi, tarehe 13 Septemba

Harusi. Mirtha katoka mlangoni amevaa nyeupe, ana uso wa kaka yangu mtupu. Akasema amebadili hukumu: Percy kulia, mimi kushoto. Bendi ikapiga.

Tulianza kwa kasi ya kijinga. Percy akaongeza hatua, na mimi nikaongeza. Kufika kwenye duka la dawa, Percy alikuwa na rangi ya zabibu, na mimi naona nyota mchana. Hakuna aliyeketi. Lakini hakuna aliyesonga pia. Mirtha akampa msichana shada la maua, akakunja gauni, akatukamata makwapani.

"Wazee wangu, pole pole," akasema. "Harusi ni yangu. Haiwezi kuanza bila mimi."

Bendi nayo ikapunguza mwendo nyuma yetu, hata wimbo wa shangwe ukawa kama wa msiba. Watu madirishani wakatupigia makofi. Tukafika.

Padre akauliza nani anamleta bibi harusi. Mimi na Percy tukafungua vinywa, sauti haikutoka. "Nimewaleta mimi," akasema Mirtha. Kanisa zima likacheka. Kisha akatubusu, mmoja mmoja, akanong'ona kwamba baba yake angecheka kuliko wote. Nililia. Nikasema ni hewa nyembamba. Percy akasema hata kwake ni hewa.

Tulicheza hadi viatu vikatushinda. Sijapata kula vizuri hivyo tangu kaka aondoke.

Jumapili, tarehe 14 Septemba

Siku ya kurudi. Uwanja wa ndege uko El Alto. Doña Basilia alikodi teksi, Percy akaingia. Mimi nikawaambia watangulie, huu mji sasa ni wangu, nitakuja kwa magari ya kamba na kuwasubiri. Doña Basilia akanitazama kwa huruma, akanipa mkate wa njiani.

Nikapanda. Kibanda kikaanza kuteremka. Uwanja uko juu, najua. Lakini pale ndani walikuwepo watu, na kuuliza ni kujiaibisha. Nikaamua kinashuka kwanza ili kipate nguvu ya kupanda. Kilishuka muda mrefu. Kinataka nguvu nyingi.

Sasa nipo kusini kabisa, chini kabisa mwa mji. Jua kali, miti ya kivuli, na hewa, hewa tele kama kwetu. Nimeagiza aiskrimu. Ndege yetu imepita juu ya milima sasa hivi. Nimempungia Percy kijiko.

Nasikia kuna basi la Santa Cruz jioni. Mhudumu wa aiskrimu ameanza kunielekeza kituo kilipo, nikamzuia kwa adabu. Hakiwezi kuwa mbali. Mtaa huu una sura ya kituo.