Mkago wa Babu na Bwana Jens

Jumatatu, 7 Juni 1999. Ihanda.

Hili sijamwambia mtu, hata padre kwenye kitubio. Mimi Xaveria, ninayeamkia walimu kwa kunong'ona, nimemwandikia barua pepe mtu wa Denmaki. Kwa jina la babu!

Chanzo ni kompyuta ya mradi wa mifugo, ofisini kwa mjomba Cassian. Ina programu ya kumbukumbu za ng'ombe. Ya bure, na ndani iko wazi: ukiona kosa unarekebisha, unamrudishia mtunzi awagawie wengine. Kama mche wa mgomba tu. Nikaona kosa. Ukifika mwaka 2000, ungesomeka 1900, na ndama angemzidi mama yake umri! Nimerekebisha mistari miwili, nikaandika jina la babu: Ndyamukama. Nani angemsikiliza msichana wa kidato cha tatu?

Jumatano, 9 Juni.

Amejibu! Bwana Jens, mtunzi wa programu, anasema kazi ni safi, itatumika mpaka Brazili. Ng'ombe wa Brazili! Nilicheka peke yangu mpaka mjomba akauliza kama malaria imenipanda kichwani.

Lakini. Mzee Ndyamukama atie sahihi kwamba kazi ni yake na hakuna mwingine wa kuidai. Bila sahihi, haipokelewi. Nikamuuliza mjomba, kwa kuzunguka, kazi ya kompyuta ya mradi ni mali ya nani. Akaguna: jembe la mradi, mazao ya nani? Nimejiona rumande mjini Kayanga.

Alhamisi, 10 Juni.

Mbinu: karatasi kwa babu akiwa kwenye rubisi, pombe yake ya ndizi. Nikasema mfugaji wa Ulaya anaomba sahihi yake. Hakugusa kalamu.

"Sijatafuna kahawa naye," akasema. "Nimtilie sahihi mtu asiye ndugu yangu?"

Kwake mapatano ni mkago: tunda moja la kahawa, punje moja yako, moja ya mwenzako, mnatafuna, mmekuwa ndugu. Sheria ya Ulaya inataka wino, ya babu inataka mate. Nikamgusia na lile la jembe. Akacheka.

"Jirani akikuazima jembe, unamhamishia na kibanja chako cha migomba?"

Nimemwomba Jens atafune kahawa Jumamosi, saa kumi ya kwetu. Ataniona kichaa. Yaani atamwona babu kichaa.

Jumamosi, 12 Juni.

Babu kavaa kanzu. Saa kumi katafuna, uso kaskazini, kimya kama kanisani. Nikakimbilia ofisini. Barua ya Jens imefika: katafuna! Kahawa ya dukani, chungu, mkewe akimcheka, lakini hakutema. Anamsalimu kaka yake. Mzungu mzima kasimama jikoni kwake, kwa ajili ya mistari yangu miwili!

Nikamtafsiria babu. Akatia sahihi polepole, herufi kwa herufi. Hakuuliza karatasi inasema nini. Hilo limenichoma. Kidogo. Faksi imeenda.

Jumatano, 16 Juni.

Jina limo! Ndani ya programu, mbele ya dunia nzima: Ndyamukama, Ihanda. Nililigusa kwenye kioo kwa kidole.

Kosa langu ni kumwonyesha babu mwenyewe. Ameenda kilabuni kutangaza kwamba anatengeneza mitambo ya Ulaya. Mnywaji mwenzake, Mzee Ildefonsi, kaleta redio mbovu. Sibomana kaleta saa ya ukutani. Babu kapokea vyote, akanitazama mimi.

Nimeapa kuungama. Kwa babu, kwa Jens, kwa padre. Uongo basi!

Ila nimeona kosa jingine: programu inamhesabia dume maziwa. Mstari mmoja tu. Nitautuma kwa jina la bibi Kokubanza. Bibi hatadai kutafuna kahawa, hana meno.

Hatua mlangoni. Ni babu, na redio inakoroma mikononi mwake. Ukurasa huu chini ya godo...