Sinema ya Wizi wa Mzee Edgar

Jumatatu, 3 Juni 2024
Nimechoka, lakini nimempata! Mzee Edgar, fundi cherehani wa Temeke. Aliiba benki mwaka tisini na nane, akafungwa, akatoka na mvi. Kakubali nitengeneze filamu yake. Sharti moja: uongo usiwepo. Nikamwambia mie Gaudens na uongo wapi na wapi. Nilipofika nyumbani nikaongeza helikopta.

Jumatano, 5 Juni
Walid, mpiga video za harusi pale Mwenge, ndiye mwenye kamera. Haitoi mpaka awe jambazi. Jambazi ni mie! Nimeandika mwenyewe! Tukabishana hadi adhuhuri. Mzee Edgar akasema jambazi ni yeye, tena hukumu anayo kabatini. Ataigiza mwenyewe. Helikopta kaikata kwa chaki yake ya nguo. Walid kasusa. Kamera kaniachia, mwenyewe kaondoka. Kupiga picha nitajua hukohuko.

Ijumaa, 7 Juni
Wazo! Nimemsaka karani aliyeelekezewa bastola siku ile. Mama Bernadeta, kastaafu, anaishi Kinondoni. Nikampa shikamoo mbili. Nimemwambia tunarekodi kumbukumbu za makarani wa zamani. Edgar sikumtaja. Edgar naye hajui. Nataka mshtuko halisi usoni!

Jumamosi, 8 Juni
Benki yetu ni darasa la chekechea. Mama Bernadeta kaketi kaunta. Mzee Edgar kaingia na bastola ya mbao za mninga. Wakatazamana. Bastola ikamdondoka, akapiga magoti.

"Mama, nisamehe. Nilikuwa sijui pa kukutafutia."

Mama akasema tangu siku ile hajawahi kukaa akaupa mlango mgongo, hata kanisani. Akamtazama sana. Halafu: "Inuka, baba. Sakafu ya baridi hiyo."

Wakatoka wakiongea polepole. Mlangoni wakageuka, wakanitazama mie kama ndiye mwizi. Nililia, nakiri. Nikafuta machozi, nikaangalia kamera.

Sikuiwasha.

Jumapili, 9 Juni
Mwili wote unauma. Nimewaomba warudie Jumanne, magoti yawe karibu na dirisha. Mama Bernadeta hajajibu. Mzee Edgar kasema ile haikuwa sinema. Walid kacheka simuni mpaka kakohoa. Hawa watu sanaa hawaijui.

Basi. Kule mtaa wa Wazo kuna mchungaji aliyewahi kuteka basi ujanani. Naenda Alhamisi. Dereva wa basi lile nimeshampata. Nimemwambia ni ibada ya shukrani.