Isale Kwenye Kapu la Nyanya

Leo nimeadhirika, wandugu. Niko mjini Moshi, kwenye kafe ya intaneti, nasubiri duka la pembejeo lifunguliwe baada ya chakula cha mchana. Acha niwaambie mwenyewe kabla hamjasikia kwa watu wa kwetu Masama, maana wataongeza chumvi. (Na haihitaji chumvi.)

Mnajua kiwanda kilipobinafsishwa nilipunguzwa kazi. Nikarudi nyumbani na mke wangu Zawadi na mtoto, huu ni mwezi wa tano. Zawadi ni wa Songea, Uchaggani ni mgeni kabisa. Kahawa nayo ndiyo hiyo, bei imeanguka mpaka wengine wanaiacha ianguke yenyewe. Mimi nikasema nyanya. Nyanya! Kwa Baba, kutaja nyanya ndani ya shamba la kahawa ni sawa na kutukana kanisani. Kila nikianza ananikata: "Mibuni hiyo alipanda babu yako. Ndiyo iliyokusomesha." Basi, naondoka kimya.

Binamu yangu wa Dar kanitafutia nafasi ya kuuza spea za magari. Anataka jibu Jumatatu. Kwenda ni kumwacha Zawadi na mtoto huku, na mimi sitaki kwenda, nawaambia ukweli. Kwa hiyo leo ndiyo ilikuwa siku ya mwisho ya kumwomba Baba kile kipande cha chini cha kihamba, shamba letu la ukoo, kule kwenye mfereji.

Sasa, kuna jambo Baba alikuwa halijui. Kipande chenyewe nilishaanza kukilima. Nilikata mibuni minane, visiki nikavifunika kwa majani makavu ya migomba, nikapanda nyanya. Baba hashuki huko, goti linamsumbua tangu mwaka jana. (Msinitazame hivyo. Nilikuwa nafanya utafiti.)

Mpango ulikuwa huu: nampelekea kapu la nyanya zilizoiva vizuri, namwambia nimepewa na rafiki yangu wa Sanya Juu, akizisifia tu, namwomba shamba. Huo uongo niliufanyia mazoezi tangu alfajiri. Zawadi akapanga nyanya kapuni, akanitwisha begani, nikaenda nyumba kubwa. Yeye na mtoto wakanifuata nyuma.

Baba alikuwa barazani na Baba Mkubwa, kaka yake, ambaye nilimwita mwenyewe aje awe shahidi. (Shahidi nilimpata, hilo siwezi kulalamika.) Mama alikuwa pembeni anamenya ndizi.

"Shikamoo Baba. Shikamoo Baba Mkubwa. Shikamoo Mama."

"Marahaba."

Nikainama, nikamkabidhi Baba kapu kwa mikono miwili. Akalipokea. Akalitazama.

Baba Mkubwa akavua kofia. Mama akaweka kisu chini.

Na mimi ndipo nikatazama. Mama yangu weee! Mdomo wa kapu umefungwa kwa isale. Jani refu la kijani, limepigwa fundo zuri kabisa katikati.

Kwa nyie msio Wachagga: isale ndilo lile jani tunalopanda mipakani na makaburini. Ukimkosea mtu kosa zito, unampelekea isale lililofungwa fundo. Akishalipokea, hana ruhusa tena ya kukunyima msamaha. Halipelekwi kwa mchezo. Ukiona mtu kaleta isale asubuhi asubuhi, ujue kaua, au amebakiza kidogo tu.

"Mwanangu," Baba akasema taratibu, "kosa ni lipi?"

Nikajua nimekwisha. Kichwani nikajumlisha haraka haraka. Baba ameshaambiwa. Zawadi kasikia, kanihurumia, kanifungia isale nipone. Nikamgeukia. Anatabasamu! Basi nikapiga magoti palepale kwenye saruji.

"Nisamehe, Baba. Mibuni ni minane tu."

"Mibuni?"

"Na wa tisa niliuchubua, lakini haujafa."

Baba kimya. Ule ukimya ndio ulioniponza, kwa sababu nilidhani anasubiri mengine! Nikaendelea kumwaga. Nikasema Sanya Juu sina rafiki wala adui, na uongo wenyewe nilikuwa hata sijausema. Nikasema betri za redio yake ninayezihamishia kwenye tochi ni mimi. Nikasema yule jogoo wa Krismasi, mwaka ule nilipokuwa kidato cha nne, hakuliwa na nguchiro. (Nyie mnajua. Mlikuwepo.)

"Nini?" Mama akadakia. "Baba yako si alitega mtego miezi mitatu!"

"Na ukaninasa mimi," akasema Baba Mkubwa.

Baba akainua mkono, wote wakanyamaza. "Pantaleo. Nani kakutuma kuungama haya yote?"

"Si mlishajua, Baba? Si ndiyo maana ya hili isale?"

Hapo ndipo mke wangu mpenzi akauliza, kwa sauti ya upole: "Isale ndiyo nini? Mimi nimekata jani pale kwenye ua, nikafunga kapu nyanya zisidondoke. Fundo nimelipendezesha tu."

Jamani. Jamani! Baba Mkubwa alicheka mpaka akaikumbatia nguzo ya baraza. Mama alijifunika uso kwa kanga, mabega yanatikisika. Na kutoka ng'ambo ya ua, jirani ambaye hata sikujua yupo, akapaza sauti akiniita bwana kwa Kichagga: "Mbe, huku hatukusikia vizuri! Ya jogoo irudie!"

Baba peke yake hakucheka. Alilichomoa lile jani kapuni, fundo hakulifungua, akaliweka mapajani. Mimi bado niko magotini. Nikajiona Jumatatu niko kwenye basi, nimekumbatia begi, Zawadi anapunga mkono. Nilitaka kulia, sitawaficha.

"Hakujua," Baba akasema. "Lakini mimi nimelipokea. Twende nikaone."

Akashuka mwenyewe mpaka kwenye mfereji. Hakuchechemea hata kidogo. Akasimama mbele ya nyanya zangu, akasukuma majani ya migomba kwa fimbo, akahesabu visiki kimoja kimoja mpaka vinane vikatimia. Kisha akachuma nyanya, akaifuta kwenye koti, akaila nzima bila chumvi.

"Mwaka jana nilishuka hapa na panga," akasema. "Mibuni hii hii. Nilitaka niing'oe nipande chochote kile, maana kahawa ilikuwa imenishinda. Nikashika mti wa kwanza, nikamkumbuka baba yangu, mkono ukagoma. Nikapanda juu, nikamwambia mama yako goti linauma. Tangu siku hiyo sikuweza kuja kuitazama."

"Goti haliumi?" Mama akauliza. Alikuwa ametufuata.

"Haliumi."

"Mwaka mzima nakukanda na maji ya moto!"

Baba hakumjibu. (Mimi nilimwelewa sana.) Alikwenda pale migombani alipolala Babu, akainama, akaliweka lile isale juu ya kaburi. "Baba," akasema, "sasa tumekuja wawili." Akavuta kamasi, akanigeukia. "Panda nyanya zako. Huo wa tisa usiuguse."

Nikashindwa hata kusema asante. Zawadi ndiye aliyesema, kwa Kichagga chake cha kuokoteza: "Aika, Baba." Angalau hilo alilitumia mahali pake.

Kwa hiyo Dar siendi. Nimeshuka mjini kununua mbegu, pamoja na ulezi wa kupikia mbege, maana Baba Mkubwa kaniamuru faini ya pipa zima kwa ajili ya mguu wake. Jirani kasema atakuja kunywa, yeye ni shahidi pia.

Naomba msicheke. Hasa nyie wanne mliokula lile paja na kifua, mkaniachia shingo. Mama anataka jogoo wake kabla ya Krismasi, na pale magotini niliwataja wote kwa majina.